Karura: Vijia Vilivyopiganiwa

Katika kila njia panda ya Msitu wa Karura, jijini Nairobi, pamesimikwa kigingi chenye nambari. Wakimbiaji hupeana miadi kwa nambari hizo: mmoja huanzia lango la Barabara ya Limuru, mwenzake lango la Barabara ya Kiambu, wakakutana katikati na kuteremka pamoja hadi mtoni. Anayeingia mara ya kwanza hudhani msitu huu ulikusudiwa tangu mwanzo uwe mahali pa mazoezi. Sivyo kabisa. Vingi kati ya vijia vinavyokanyagwa leo na viatu vya mbio vilifunguliwa na watu waliokuwa na haja nyingine, na kuna wakati ilibaki kidogo tu vifukiwe chini ya misingi ya majumba ya kifahari.

Karura ina ukubwa wa hekta 1,041 hivi. Imepakana na Muthaiga, Gigiri na Runda, mitaa ya matajiri na mabalozi, na vilevile na Mji wa Huruma, makazi ya watu ambao kwao kuni bado ndiyo nishati ya kila siku. Mito ya Ruaka, Karura na Gitathuru inapita ndani yake ikielekea bonde la Mto Athi. Barabara ya Limuru inaupasua msitu upande wa magharibi na kukitenga kipande kinachoitwa Sigiria. Mkimbiaji anayetaka kuvimaliza vijia vyote ana kilomita zinazokaribia 50 za kupita, baadhi pana kama barabara ya lori, baadhi nyembamba kiasi kwamba wawili hawapishani bila mmoja kuingia majanini.

Upana huo una sababu zake, na sababu zenyewe ni historia ya mahali hapa.

Kabla ya reli, ukanda huu wa miti ulikuwa mpaka. Upande wa juu, kuelekea Kiambu na Limuru, yalikuwapo mashamba ya Wakikuyu. Upande wa chini zilianza tambarare ambako Wamaasai walichunga ng'ombe. Masimulizi ya Wakikuyu yanaeleza kwamba ardhi ya Kiambu waliipata kwa Waathi, wawindaji na warina asali walioishi humo misituni kabla yao. Hata nyakati za uhasama, wanawake wa Kikuyu waliendelea kupeleka nafaka na mazao ya shambani kwa Wamaasai na kurudi na ngozi na mifugo. Msitu wa mpakani namna hii haukosi njia. Zilikuwa njia za miguu, zikifuata migongo ya vilima na kutafuta pale mto unapovukika kwa urahisi, na kanuni hiyo bado inaonekana katika vijia vinavyojipinda kandokando ya mito ya Karura.

Miti yenyewe ilijulikana kila mmoja kwa kazi yake. Muhugu ni mgumu na hauliwi na mchwa upesi. Baadaye ungekuja kuwa mti unaopendwa mno na wachongaji wa vinyago wa Ukambani. Mutamaiyo, mzeituni wa mwitu, huwaka kwa moto mkali na wa muda mrefu. Gome la muthiga ni chungu na kali ulimini, na watu wamelitafuna kwa karne nyingi kutuliza kikohozi na maumivu ya meno. Mukinduri hudondosha mbegu zenye ganda gumu, nazo ndizo leo humfanya mkimbiaji ateleze kwenye mteremko mkavu akidhani amekanyaga kokoto.

Reli ilifika Nairobi mwezi Mei 1899, na garimoshi la siku zile lilikuwa na njaa ya kuni isiyoisha. Misitu ya asili karibu na njia ya reli ilianza kuangushwa. Idara ya Misitu ilipoundwa mwaka 1902, mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kutafuta mti unaokua haraka kuliko muhugu au mutamaiyo, na jibu likatoka Australia: mkaratusi. Mwaka 1907 ilianzishwa bustani ya miti ya Nairobi, ile ambayo wakazi wa jiji bado wanaiita Arboretum, ili kujaribu ni miti ipi ya kigeni ingestawi katika udongo huu. Karura ikawa sehemu ya mpango huohuo. Maeneo mapana yalifyekwa na kupandwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni kwa mistari iliyonyooka, na katikati ya mistari hiyo zikachongwa barabara za kubebea magogo. Ndizo zile njia pana na zilizonyooka ambazo wakimbiaji wa leo huzitumia kwa mazoezi ya kasi, kwa kuwa hapo mtu anaweza kunyoosha hatua bila kuogopa mzizi.

Mwaka 1932 Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali. Kwenye karatasi, lilikuwa tangazo la uhifadhi. Kwa familia zilizoishi karibu lilimaanisha kwamba kuni, malisho na asali, vitu ambavyo baba zao walivichukua bila kumwomba mtu, sasa vilihitaji kibali. Mwaka huohuo tume ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Jaji Morris Carter ilianza kusikiliza malalamiko ya ardhi, na Wakikuyu wa Kiambu walifika mbele yake kwa wingi kueleza walivyopokonywa. Ni vizuri kulikumbuka hilo kila msitu wa Kenya unaposifiwa kwamba umehifadhiwa tangu enzi za wakoloni. Ulihifadhiwa, ndiyo, lakini kwanza ulichukuliwa.

Miaka 20 baadaye msitu ulipata wakimbiaji wa aina nyingine. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na mwezi Aprili 1954 jeshi la Uingereza likaizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, likakamata maelfu kwa maelfu ya watu na kuwapeleka vizuizini. Karibu na maporomoko ya Mto Karura, maji yanapoanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, kuna mapango yanayojulikana mpaka leo kama mapango ya Mau Mau. Inasimuliwa kwamba wapiganaji hao waliopinga ukoloni walijificha humo. Ukisimama mdomoni mwa pango huoni jiji wala kulisikia. Maji yanafunika kila sauti. Pia huoni anayekuja mpaka awe amekaribia sana, jambo ambalo huenda liliwalinda waliokuwa ndani na pia kuwaponza.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya iliirithi misitu ilivyokuwa, sheria zake na mikaratusi yake. Kwa miongo kadhaa Karura haikutajwa sana. Jiji lilipanuka, ofisi za Umoja wa Mataifa zikajengwa Gigiri, na msitu ukabaki katikati kama mahali ambapo mwenye akili timamu hakuingia peke yake. Kufikia miaka ya 1980 na 1990 jina la Karura lilihusishwa na wizi na maiti zilizotupwa. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na tanuri humo la kuchomea noti zilizochakaa, na jengo lake bado limesimama. Nani angekwenda kukimbia huko kwa kujifurahisha? Na msitu ambao umma unauogopa ni rahisi kuugawa, kwa kuwa hakuna anayeingia na kuona vigingi vya mpimaji ardhi.

Ndivyo ilivyotokea. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu kubwa za Karura zilikuwa zimegawiwa kimyakimya kwa makumi ya kampuni za binafsi, na tingatinga tayari zilikuwa kazini. Aliyelivalia njuga suala hilo alikuwa Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement. Hakuwa mgeni wa vita vya namna hiyo: mwaka 1989 alikuwa amepinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Bustani ya Uhuru, na jumba hilo halikujengwa. Safari hii silaha yake ilikuwa ileile aliyoitumia tangu 1977, yaani mche wa mti. Yeye na wenzake waliingia Karura, wakaanzisha kitalu, wakapanda miche mahali palipofyekwa.

Njia za msituni zilikuwa na nafasi yake katika mapambano hayo. Waandamanaji walipokuta njia kuu imezibwa na walinzi, walizunguka na kupitia upande wa kinamasi, wakavuka maji, wakatokea kusikotarajiwa na kumwagilia miche yao. Mwezi Oktoba 1998 mambo yalipamba moto, na mashine za ujenzi zikateketezwa humo ndani.

Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alifika langoni akifuatana na wanachama wa Green Belt, wabunge wa upinzani, waandishi wa habari na wageni kutoka nje. Alikuja kupanda mti mmoja tu. Walikuwa wakisubiriwa na kundi kubwa la wanaume waliokodiwa, wenye mijeledi, rungu na mapanga. Maathai alipigwa kichwani mpaka akatokwa na damu. Alikwenda kuandikisha taarifa kituo cha polisi, na alipoambiwa atie sahihi, aliitia kwa damu yake mwenyewe. Kamera zilikuwepo, na picha zake zikazunguka dunia. Makao makuu ya Mpango wa Umoja wa Mataifa wa Mazingira yapo Gigiri, kando ya msitu huohuo, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hajui linalotendeka. Kabla mwezi huo haujaisha, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Nairobi waliingia barabarani kuutetea msitu, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa hadi masomo yakasimamishwa. Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi akatangaza kusitisha ugawaji wote wa ardhi ya umma.

Inafaa kusema wazi: bila siku hizo, hakuna ambaye angekuwa anakimbia Karura leo. Pangekuwa na mageti, kuta na nyasi zilizokatwa vizuri. Maathai alishinda Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004 na kufariki dunia mwaka 2011, na humo msituni kuna pembe iliyopewa jina lake. Wengi hupumzika hapo na kunywa maji. Vijana wengi kati yao walikuwa hawajazaliwa siku ile ya Januari.

Lakini kuzuia tingatinga ni jambo moja, na kuufanya msitu uingilike ni jambo jingine. Kilichobadilisha hali ni Sheria ya Misitu ya 2005, iliyoruhusu wananchi waungane katika vyama vya kijamii na kusimamia misitu kwa kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Marafiki wa Msitu wa Karura waliungana chini ya sheria hiyo, na kuanzia 2009 wakatafuta fedha za kuuzungushia msitu uzio wa umeme. Mwanzoni kuna waliouona uzio kama njia nyingine ya kuwafungia maskini nje. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, ukizingatia yaliyofanyika 1932. Jibu likawa kuwaajiri vijana wa Huruma kuwa maskauti wa msitu, wakiwemo watu waliokuwa wakiujua kwa kuukata, na kuwaruhusu wanawake wa Huruma kuingia kuokota kuni kavu kwa utaratibu. Mkimbiaji anayewahi asubuhi huweza kupishana nao, mizigo ikiwa mgongoni na ukanda umepita juu ya paji la uso. Wakati mzigo wa kuni na saa ya mkononi inayohesabu mapigo ya moyo vinakutana kwenye kijia kimoja, desturi ya wanaokijua msitu ni kwamba anayekimbia ndiye anayepisha.

Hapo ndipo mbio zilipoingia. Kenya haikuwa na upungufu wa sifa katika kukimbia nje ya uwanja. Kuanzia 1986 hadi 2003 timu yake ya wanaume ilitwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu za nyika kila mwaka bila kukosa. Lakini mbio hizo zilikuwa na makao yake Bonde la Ufa, Iten na Kaptagat, kwenye murramu na vijia vya msitu vilivyo juu ya mita 2,000, kule ambako Eliud Kipchoge na wenzake wa kambi ya kocha Patrick Sang wamefanyia mazoezi kwa miaka mingi. Mkazi wa kawaida wa Nairobi alikimbia kando ya lami, akimeza moshi wa matatu. Karura ilipopata malango na maskauti, karani, mwalimu, nesi wa zamu ya usiku na mwanafunzi walipata udongo chini ya miguu yao kwa mara ya kwanza, na mama aliyekuwa hathubutu kukimbia peke yake barabarani akawa anakimbia saa nzima bila kuangalia nyuma. Hili la wanawake halipewi uzito unaostahili katika simulizi za Karura. Mahali palipokuwa hatari kuliko pote pamekuwa mojawapo ya sehemu chache za jiji ambako mwanamke huvaa viatu vyake na kutoka bila kumtafuta wa kumsindikiza.

Wanaokuja mwaka mzima hujifunza kwamba Karura hubadilika kila baada ya miezi michache. Mvua za masika zikishika mwezi Aprili, udongo mwekundu hushikamana na soli tabaka juu ya tabaka hadi kiatu kinakuwa kizito maradufu, na kila baada ya mita mia kadhaa mtu husimama kukikwangua kwenye jiwe. Mteremko wa kwenda kwenye mapango hauna huruma wakati huo. Huo pia ndio msimu wa siafu. Huvuka kijia kwa mstari mweusi unaong'aa, askari wenye vichwa vikubwa wakijipanga pembeni na taya zimeinuliwa, na anayekimbia huku akitazama mbele tu huwatambua wakishafika gotini. Mzoefu huangalia chini, huruka, kisha huendelea hatua ishirini zaidi kabla ya kusimama kujikagua.

Juni hadi Agosti ni baridi. Nairobi hukaa siku nzima chini ya wingu la kijivu, na asubuhi ukungu hulala kwenye mabonde ya mito kiasi kwamba vigingi vya nambari huonekana mtu akishavifikia. Msitu hutulia, vumbi halipo, matope yamekauka nusu, na wengi huuona huu kuwa msimu bora wa mbio ndefu. Vuli huja Oktoba au Novemba na manyunyu ya jioni. Kisha kiangazi cha Januari na Februari hugeuza udongo uleule kuwa unga mwepesi. Majani ya mukinduri hujaa njiani na mbegu zake hulia chini ya viatu. Kwenye kivuli cha miti ya asili pana ubaridi hata saa saba mchana. Kwenye mikaratusi hakuna ubaridi huo: majani yake yananing'inia na kupitisha jua, na chini yake hapaoti mengi. Mkimbiaji hahitaji mtaalamu wa mimea kumwambia ametoka msitu wa asili na kuingia shamba la miti. Ngozi yake inajua.

Wanyama nao wamerudi, wengine kwa kusaidiwa. Kima hawakuwahi kuondoka. Mbega weusi wenye mikia mirefu myeupe walianza kuletwa mwaka 2014 kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako misitu yao ilikuwa imekatwa na mashamba kuizunguka, na zaidi ya 100 wakahamishiwa Karura. Ngurumo yao ya alfajiri husikika mbali. Paa wadogo huvuka njia kwa mruko mmoja na kupotea, na juu ya vilele hupita hondohondo kwa mabawa yenye kishindo.

Mwaka 2020 jiji lote liligundua kile ambacho wakimbiaji walikuwa wakikijua. Kuanzia Aprili hadi Julai, wakati serikali ilipofunga mipaka ya Nairobi kuzuia kuenea kwa korona, hapakuwa na kwenda kijijini, vilabu vya mazoezi vilifungwa, na watu wakaingia msituni kwa maelfu. Familia zilizokuwa zikipita Barabara ya Limuru miaka yote bila kugeuza shingo zikajifunza nambari za vigingi.

Umati huo ulileta mapato, na mapato yakaleta swali la nani ayashike. Mwishoni mwa Agosti 2025 KFS iliagiza kwamba ada zote za kuingia zilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali. Marafiki wa Msitu wa Karura walikwenda mahakamani, wakisema usimamizi wa pamoja ulioruhusiwa na sheria unavunjwa, na kwamba ada hizo ndizo zinazolipa mishahara ya maskauti na kutunza uzio. Mvutano huo uliwatoa wakimbiaji wengi kwenye starehe zao na kuwaingiza katika mjadala wa sheria za ardhi ya umma, na ilikuwa sawa watolewe. Anayetumia kijia ana haki ya kujua nani anakitunza na kwa fedha gani.

Wakati hayo yakiendelea, kazi nyingine inafanyika polepole humo ndani. Vitalu vya msitu vinaotesha miche ya muhugu, muthiga, mutamaiyo na mingine ya asili. Mikaratusi inakatwa eneo baada ya eneo, na mahali pake inapandwa miche hiyo, ikipaliliwa kwa miaka kadhaa ili magugu yasiizidi. Muhugu unakua kwa mwendo wake wenyewe, na wanaoupanda leo wengi wao hawatauona ukikomaa. Kila eneo jipya likisafishwa, njia ya zamani ya magogo hufungwa kwa muda na mbao za onyo kuwekwa, na wakimbiaji huzunguka kwa kigingi kinachofuata.